Mzee Akikatikiwa na Pumzi Ghafla
Kwa familia za Butembo, Beni na vilima vya Lubero

USIKANDE MGUU
Mguu mmoja wa mzee ukivimba, ukawa na joto na kuuma, usiukande. Si kwa maji ya moto, si kwa mawese, si kwa mikono ya jirani anayejua kunyoosha mifupa. Huenda damu imeganda humo. Ukikanda, donge linaweza kung'oka, likapanda na kuziba mishipa ya mapafu.

Nimempokea hospitalini mzee ambaye mguu wake ulikuwa bado unang'aa mafuta, alama za vidole zimebaki kwenye ngozi. Walikuwa wamemkanda siku tatu. Kwa upendo, najua.

"NI UZEE TU"
Pumzi ikikatika ghafla, msiseme hivyo. Uzee hauingii kati ya uji wa asubuhi na chakula cha mchana.

DALILI
Pumzi inakatika ghafla, hata akiwa ameketi. Kifua kinachoma akivuta hewa. Moyo unakwenda mbio. Anaweza kukohoa damu au kuzirai. Homa huenda isiwepo kabisa. Msimpe dawa ya malaria kwa kubahatisha, wala dawa ya pumu ya mjukuu. Msingoje maombi yaishe, ombeni njiani. Na mguu msiukande.

WA KUANGALIWA ZAIDI
Aliyevunjika nyonga, aliyepasuliwa karibuni, mwenye kansa, aliyelala kitandani siku nyingi, aliyetoka Kampala kupitia Kasindi magoti yamekunjwa juu ya mizigo. Mama aliyejifungua pia, ingawa si mzee.

MPELEKENI LEO
Katwa, Kitatumba, hospitali kuu ya Beni: iliyo karibu. Asitembee hadi barabarani, abebwe. Tangu Ebola ya 2018 hadi 2020 wengi wanaogopa mlango wa hospitali. Woga huo naujua. Njooni hata hivyo.

Mkifika, semeni bila kungoja kuulizwa: pumzi ilikatika lini, mguu upi umevimba, amelala siku ngapi, na kama mlimkanda. Msifiche, hakuna atakayewafokea. Kipimo cha malaria kikionyesha anayo na pumzi bado inakatika, ulizeni habari ya mapafu. Daktari anaweza kutaka ekografia ya mguu, au skana ya kifua inapopatikana.

AKIRUDI NYUMBANI
Dawa ya kuzuia donge asiikatishe kwa sababu amepata nafuu. Asichanganye na aspirini wala dawa za mizizi bila kumwuliza daktari. Damu ikitoka puani bila kukoma, au choo kikiwa cheusi, rudini siku ileile. Mguu bado usikandwe, hata akiomba mwenyewe.