SOMO LA MWEZI: Bonde la Tembo na Magofu ya Mtwapa



Huko Ujerumani liko bonde la mto Mosel. Mizabibu ya mvinyo hupandwa kando ya mto, na katika mji wa Trier yangali magofu ya Warumi wa kale. Watu husafiri siku nyingi kwenda kuyatazama. Wewe uliye Kisauni, Likoni au Changamwe huna haja ya kwenda mbali hivyo. Unalo bonde lako karibu, lenye minazi ya tembo na magofu ya kale. Mwezi huu twakushauri ulitembelee, wewe na wenzako wa skimu, kisha urudi na jambo la kufanya shambani.

NJIA

Ukitoka Kongowea shika barabara ya Malindi, upite Bamburi na Shanzu, mpaka daraja la Mtwapa. Tazama chini. Mkono huo wa bahari zamani ulikuwa bonde la mto. Bahari ilipopanda, maji ya chumvi yaliingia yakalijaza bonde. Ng'ambo ya daraja ni Kilifi, nako utaona minazi, miembe na mikorosho. Hapo Mtwapa pana kituo cha utafiti wa kilimo, ambacho kazi yake moja ni kuchunguza mazao hayohayo.

MAGOFU

Kilomita chache mbele, upande wa bahari, pana mahali paitwapo Jumba la Mtwana, chini ya ulinzi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 1972 mtaalamu wa mambo ya kale, Bwana James Kirkman, alipachimba. Kwa kutazama vigae vya vyombo, vingine vya Uchina, ilionekana kwamba mji ulijengwa katika karne ya 14 ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Yamebaki misikiti minne, kaburi, na nyumba nne ambazo umbo lake bado laonekana. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa.

Mahali palichaguliwa kwa akili. Palikuwa na maji matamu, upepo wa kaskazi na wa kusi, na vyombo vikubwa vya adui havikuweza kutia nanga karibu. Hata hivyo watu waliondoka. Wataalamu hutaja sababu tatu ziwezekanazo: biashara kukatika, vita, au maji kupungua. Ukisimama penye kisima cha msikiti ulio ufukweni, fikiri juu ya ile sababu ya tatu, maana hata leo yatuhusu. Katika mawe ya pwani maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi. Ukiyateka kupita kiasi, chumvi hupanda.

KAZI YA MGEMA

Sasa turudi kwenye minazi. Wengi wetu hatunywi tembo, na hilo ni shauri la dini na la kila mtu. Hapa twasema habari za mti na fedha yake.

Mgema huchagua karara ambalo halijafunguka, hulifunga, kisha hulikata ncha kwa kotama, asubuhi na jioni, na maji matamu hudondoka katika kibuyu. Maji hayo huanza kuchacha papo hapo. Baada ya saa chache ni kileo. Kesho yake ni makali, na yakiachwa siku kadhaa huwa siki.

Katika jambo hilo ndimo lilimo somo letu. Tembo halingoji. Lisipouzwa leo limeharibika, na mnunuzi alijua hilo kabla hujamtajia bei. Nazi iliyokomaa yangoja. Waweza kuiweka majuma kadhaa mpaka bei ipande, na siku mboga isipopatikana itaunga chakula cha watoto.

HESABU YA MTI

Mnazi mzima, ukitunzwa vema, hutoa karara moja hivi kila mwezi. Karara lililogemwa halizai nazi. Kwa hiyo mti uliogemwa mwaka mzima umepoteza vichala 12 hivi.

Twajua mambo yalivyo. Shule zafunguliwa, karo haijapatikana, na mgema yuko mlangoni na fedha mkononi. Hatusemi umfukuze. Twasema chukua daftari kwanza. Upande mmoja andika fedha atakayokupa kwa mti mmoja kwa mwaka. Upande wa pili andika nazi za vichala 12 kwa bei ya soko lako, utoe gharama ya mkwezi na ya gari. Ukiona tembo lashinda, toa miti michache, si shamba zima. Patana mbele ya shahidi: miti mingapi, miezi mingapi, na mti ukiumia nani atalipa. Tena kumbuka kwamba chini ya sheria ya vileo ya mwaka 2010 kutengeneza na kuuza kileo kwahitaji leseni.

MAMBO MANNE YA KUFANYA

1. Panda kabla mzee hajafa. Mnazi wetu mrefu huanza kuzaa baada ya miaka 6 mpaka 8. Ukingoja mti wa babu uanguke ndipo upande, utakaa miaka hiyo yote mikono mitupu. Acha mita 9 kati ya mti na mti, na katikati panda muhogo au kunde.

2. Ondoa magogo yaliyooza. Humo huzaliana chonga, yule dundu mwenye pembe atoboaye kilele cha mnazi. Choma gogo au ulifukie. Tena usikubali vidato vikatwe virefu shinani, kwa maana kila jeraha ni mlango wa uozo na wadudu.

3. Usiwaue maji moto, wale chungu wekundu washonao majani. Huuma, lakini humfukuza mdudu afyonzaye vidaka mpaka vikaanguka kabla ya wakati.

4. Linda kisima. Teka kwa kiasi, hasa wakati wa kiangazi, na onja maji kila mwezi. Yakianza ladha ya chumvi, punguza kuteka mara moja.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nasi tumezoea kuisifu ardhi yetu ya pwani kuwa ni nzuri. Ni nzuri kweli. Ya Jumba la Mtwana nayo ilikuwa nzuri.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI

1. Shambani mwako mna minazi mingapi, na mingapi imepandwa katika miaka 5 iliyopita?
2. Mwaka jana ulipoteza vichala vingapi kwa kugemwa, na ulipata fedha ngapi badala yake?
3. Kisima cha skimu yenu kina kina gani wakati wa kiangazi, na nani amepewa kazi ya kukipima?

Yaandike majibu, uyaweke. Mwaka ujao mwezi kama huu yatazame tena.