Chepe la Kufuatia Mlio

Katika machimbo ya Chunya wako wachimbaji wadogo wanaotafuta dhahabu kwa mashine ya mkononi. Mashine hiyo hupitishwa juu ya ardhi. Ikikuta metali, yaani chuma, shaba, bati au dhahabu, inalia. Watu hukopa fedha nyingi kununua mashine, halafu wanachukua chepe lolote lililoegemea ukutani. Hapo ndipo kazi inapoharibika.

Mzee mmoja wa darasa letu alichimba tangu asubuhi mpaka shimo likamfika kiunoni. Kila akipitisha mashine, inalia. Mjukuu wake akaleta maji, akaliokota chepe lililolazwa ukingoni, akaenda nalo kivulini.

"Babu, mbona imenyamaza?"

Kumbe mashine ilikuwa inaliita chepe! Na ule mlio wa kwanza? Tulipitisha mashine kwenye udongo aliotupa, tukapata kizibo cha soda.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni hili: kabla ya kusikiliza shimo, weka chepe mbali, hatua tatu au nne. Wengine huambiwa kwamba chepe la chuma kisichoshika kutu halisikiki. Si kweli, linasikika.

Sasa tutazame chepe lenyewe. Chepe pana la mafundi wa nyumba ni la kuzolea mchanga, halifai hapa. Tafuta lenye bapa jembamba, refu, lenye ncha. Ukingo wa juu uwe umekunjwa ili mguu ukanyage bila kuumia. Halafu kagua shingo, pale bapa linapokutana na mpini. Chepe huvunjikia hapo. Ukiona shingo nyembamba iliyochomelewa juujuu tu, mrudishie mwenye duka hata kama bei ni ndogo. Usione haya kulikanyaga dukani, fedha ni zako.

Mpini uwe wa mti mkavu, ulionyooka, usio na fundo. Mti hausikiki kwenye mashine. Mpini mfupi ni rahisi kubeba, lakini mgongo utakudai jioni.

Udongo ukiwa mgumu, anza na sururu. Ila usipige katikati ya mlio! Dhahabu ni laini, chuma huikwaruza na kuibonyeza. Kata duara, shubiri moja kutoka katikati ya mlio, kisha inua donge zima. Pitisha mashine shimoni. Ikinyamaza, kitu kimo kwenye donge. Ligawe nusu kwa nusu, ukichota kwa kikombe cha plastiki, mpaka kibaki kiganja kimoja cha udongo. Vua pete na saa kwanza. Kipande kikinata kwenye sumaku, hicho ni chuma. Dhahabu hainati, lakini shaba nayo hainati, basi usishangilie mapema.

Leseni ya uchimbaji lazima iwepo, na mwenye shamba akubali. Fukia kila shimo kabla ya kuhama. Ng'ombe akivunjika mguu, utalipa kuliko ulichookota.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Kwa nini mashine ililia wakati shimo lilikuwa tupu?
2. Leteni machepe yenu. Lipi lina shingo imara?
3. Katika kijiji chetu, ni mashimo ya nani yako wazi hadi leo?