Kilomita 10 kwa Mtu Mwenye Kazi Zake

Mbio za barabarani zimekuwa nyingi Dar es Salaam siku hizi kiasi kwamba ukikosa za mwezi huu utapata za mwezi ujao. Benki zina zao, kampuni za simu zina zao, na wanaochangisha fedha za matibabu nao hutumia njia hiyohiyo. Fomu ya kujisajili huwa na masafa matatu au manne: 5, 10, 21, pengine na 42. Mwenye kiherehere huchagua 21 kwa kuwa wenzake wa ofisini wamechagua 21, kisha wiki nzima anashuka ngazi kinyumenyume. Mwenye woga huchukua 5, hupiga picha na kurudi nyumbani jasho halijakolea. Kwa anayekimbia kujifurahisha na kujenga afya, nasema chukua 10.

Kwanza kuna suala la muda. Marathoni inadai karibu miezi minne ya maandalizi, pamoja na Jumapili za kukimbia kilomita 30 ambazo ukizimaliza, siku nzima imeliwa na familia inakuona umejilaza tu kwenye kochi. Kilomita 10 zinataka siku tatu kwa wiki, kwa wiki nane hadi kumi, na zoezi refu kuliko yote halizidi saa moja na nusu. Pili, masafa haya hayana mchezo. Kilomita 5 kijana mwenye afya anaweza kuzilazimisha kwa ubishi. Kumi hazilazimishiki: ukifika ya 7 ubishi umekwisha, na kama hukufanya mazoezi utajulikana. Lakini ukiwa umejiandaa, Jumatatu unaingia kazini kama kawaida.

Anayeziona kuwa za kitoto aitazame Addis Ababa. Great Ethiopian Run, zilizoanza 2001 kwa juhudi za Haile Gebrselassie, bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000 mwaka 1996 na 2000, ni za kilomita 10. Watu zaidi ya 40,000 huzikimbia katika jiji lililo zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, wengi wao wakiimba na kucheza njiani. Nchi ya mabingwa, na bado tamasha lao kubwa la mbio ni kilomita 10.

Kama hujakimbia tangu enzi za mchakamchaka shuleni, wiki mbili za mwanzo tembea tu, nusu saa, mwendo wa mtu aliyechelewa daladala. Ukiwa umevuka 40, au kwenu kuna historia ya presha na sukari, pima kwanza. Kisha changanya: kimbia dakika 2, tembea 2, wiki inayofuata 4 kwa 1. Kutembea katikati ya mazoezi si aibu, na hata siku ya mbio wapo watakaofanya hivyo na kukuacha.

Kasi ya mazoezi iwe ile unayoweza kumsimulia mwenzako mpira wa jana bila kukatika. Ukiona majibu yako yamekuwa “mmh” na “aah”, punguza. Hapa ndipo wanaoanza wanapoharibu: kila siku wanakimbia kama wanafukuzwa, mwezi mmoja goti linauma, raba zinarudi uvunguni. Siku mbili za katikati ya wiki kimbia dakika 30 kila moja. Katika moja ya hizo tafuta kilima au daraja ulipande mara nne au tano. Jumapili ndiyo siku ndefu: anza na kilomita 4, ongeza moja kila wiki, na kila wiki ya nne rudi nyuma kidogo ili miguu ipone. Ukiweza 8 bila kusimama, 10 unazo. Hizo mbili zilizobaki utabebwa na watu, muziki na aibu ya kusimama mbele ya kamera.

Kwa hali ya hewa ya Pwani, toka saa 11 na nusu alfajiri. Ikigonga saa 2 jua na unyevu vimeshakunyang’anya kasi, na bodaboda zimeshachukua pembeni mwa barabara. Kwa kuwa alfajiri hiyo kuna giza, jiunge na kikundi cha jogging cha mtaani kwenu, hasa kama wewe ni mwanamke na njia yako haina taa. Vikundi hivi vya fulana za rangi moja na nyimbo za kuitikizana havina haraka. Anayeongoza wimbo naye anahitaji pumzi.

Kuhusu raba, huna haja ya jozi ya laki kadhaa. Mitumba ya Karume ina raba nzuri za kukimbilia, ila zinataka jicho. Usidanganywe na ngozi ya juu iliyosuguliwa ikang’aa. Igeuze, bonyeza kwa dole gumba ile sponji iliyo kati ya soli na kiatu, upande wa kisigino: ikibonyea na kurudi, bado ina uhai, ikiwa ngumu kama mkate wa juzi, au ina mikunjo mingi ubavuni, imekufa hata kama soli ni nzima. Kisha ziweke zote mbili juu ya ubao wa muuzaji, uinamie uziangalie kwa nyuma. Kisigino kilichoegemea upande mmoja kinabeba mwendo wa mwenyewe wa kwanza, nawe utaurithi pamoja na maumivu yake. Chukua inayozidi kidole chako kikubwa kwa upana wa kidole kimoja, kwa sababu mguu huvimba ukipata joto. Na tafadhali, usivae raba mpya siku ya mbio. Zikimbilie wiki tatu kabla.

Usiku wa kuamkia mbio, bandika namba yako kwenye fulana kwa pini nne, si mbili, maana upepo wa Daraja la Tanzanite hauna huruma na karatasi. Chakula kiwe kile tumbo linachokijua: wali au ugali wa kawaida, pilipili uiache. Asubuhi, kama saa mbili kabla ya kuanza, ndizi mbili au uji mwepesi vinatosha. Paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na, kwa wanaume, kwenye chuchu. Wanaocheka ushauri huu hawajawahi kuoga baada ya mbio wakiwa wamechubuka.

Sasa kasi. Watanzania tuna walimu wawili. Februari 1974 huko Christchurch, Filbert Bayi aliongoza mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu aliutwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa njia nyingine kabisa: alikaa kundini, akavumilia, akampita Mjerumani Amanal Petros hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48, na picha ndiyo iliyoamua. Wewe na mimi hatuna mapafu ya Bayi, tumfuate Simbu. Ukilenga dakika 70, kilomita tatu za mwanzo zikimbie kwa dakika 7 na sekunde 20 kila moja, nne za katikati kwa dakika 7 kamili, tatu za mwisho kwa dakika 6 na sekunde 40. Mwanzoni utapitwa na umati, wakiwemo watu wenye vitambi. Waache. Utawakuta kwenye ya 6 wameshika viuno.

Kwenye meza za maji usisimame ghafla, wa nyuma atakuvaa. Sogea pembeni, tembea hatua kumi, kunywa mafunda mawili matatu, mengine jimwagie kichwani. Kichomi kikikushika, punguza mwendo, toa pumzi ndefu kwa mdomo huku ukibonyeza chini ya mbavu kwa vidole viwili. Huachia ndani ya dakika chache.

Ukivuka mstari endelea kutembea kama dakika kumi kabla ya kukaa chini kupiga soga. Siku mbili zinazofuata usikimbie, tembea tu.

Ukishamaliza 10 mara mbili tatu na bado una hamu, fikiria 21 za Kilimanjaro Marathon, Moshi, mwishoni mwa Februari. Njia ya nusu marathoni inapanda taratibu kuelekea Mweka, kisha inageuka na kurudi mjini kwa mteremko, kwa hiyo mazoezi yako yawe na vilima vya kupanda na pia vya kushuka, kwa sababu mteremko ndio unaovunja mapaja. Chumba kitafute mapema, Desemba hivi. Wiki hiyo gesti za Moshi hujaa, na zilizobaki hupandisha bei.