SOMO LETU: NYUMBA YA MFANYAKAZI WAKATI WA LIKIZO

Ndugu wafanyakazi, sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inatupa siku 18 za kazi za likizo yenye malipo kila mwaka. Ni haki yetu. Lakini tusirudi tukakuta jasho la miaka mingi limesombwa na maji.

Sisi wa Rebero tunakaa mteremkoni. Mvua za Machi hadi Mei hushuka kwa nguvu, na maji ya paa la jirani wa juu huishia ukutani kwa jirani wa chini. Basi kabla ya safari:

1. Tusafishe mtaro ulio nyuma ya nyumba. Ukiziba, maji hutuama kwenye msingi, na ukuta wa matofali mabichi hulainika ukaanguka.
2. Tufunge maji kwenye mita. Bomba likiachwa wazi siku maji yamekatika, yakirudi yatajaza nyumba.
3. Tuchomoe vyombo vyote vya umeme kwa ajili ya radi, na tufunge mtungi wa gesi.
4. Tumwachie jirani ufunguo na namba ya simu.

Jirani ndiye mlinzi wa kwanza. Naye akienda likizo, zamu ni yetu.