Usumba Juu ya Dari: Mafunzo Niliyopata kwa Kupima

Nimekuwa nikipima joto na unyevu katika nyumba za Pangani ambazo mafundi wametandaza usumba juu ya dari, chini ya bati. Ni usumba uleule wa makumbi ya nazi uliokuwa ukijazwa kwenye magodoro. Wenye nyumba wanataka jibu moja tu: usiku tutalala?

1. Pima pale mtu anapolala. Themomita moja iwe usawa wa kitanda, nyingine chini ya dari, ya tatu nje kivulini. Bila ile ya nje, namba za ndani hazina maana. Nyuzi joto 30 chumbani wakati nje ni 34 ni habari njema. Wakati nje ni 27, kuna kasoro.

2. Mchana pekee hautoshi. Bati huwaka upesi na kupoa upesi, na usumba huzuia joto lake lisishuke. Lakini joto lililokwisha kuingia kupitia kuta na madirisha, usiku nalo hukosa pa kutokea. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, mchana raha tupu, lakini ikifika saa mbili usiku tunahamia barazani." Vipimo vilisema hivyohivyo. Fundi alitoboa matundu juu ya kuta mbili zinazotazamana, akayaziba kwa wavu wa mbu, na chumba kikaanza kupoa mapema.

3. Unyevu ndio wa kuchungwa zaidi. Kinachozuia joto hasa ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzinyuzi. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa hiyo, kwa hiyo usumba uliolowa ni mzigo tu juu ya dari. Wala si lazima paa livuje: usiku bati hupoa, mvuke ukageuka matone upande wa chini, yakadondoka. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 80 kwa muda mrefu, ukungu huota. Ndiyo maana kipima unyevu nakifukia ndani ya usumba wenyewe, pale bati linapoungana na bati, ambapo maji hupenya kwanza. Kisha natumia mkono. Usumba mkavu hukwaruza kiganja. Ulioharibika hushikamana, na hunuka kama makumbi yaliyofukuliwa kwenye tope la mikoko.

4. Tafuta nyumba ya kulinganisha: ya jirani, bati lilelile, haina usumba.

5. Panda darini mwenyewe. Hakuna kipimo kinachoona mchwa au kiota cha panya.

Ukitaka kuweka usumba kwako, anza kupima kabla fundi hajapandisha ngazi, uendelee mpaka masika yaishe. Na muuzaji akikuonyesha vipimo vya Januari, mwombe na vya Aprili.