Shali Yenye Mawimbi ya Tufani

Visiwa vya Shetland, vilivyo kaskazini ya Uskoti, ni nchi ya upepo mkali. Tarehe 20 Julai 1881 tufani iliwakuta wavuvi wake baharini. Mashua 10 zilipotea na wanaume 58 wakafa. Kazi ya kufuma sufu ilikuwa tegemeo kubwa la wanawake wa huko, nao walifuma hata njiani, hali wamebeba vikapu mgongoni. Shali zao hupambwa kwa mfumo uitwao Old Shale, ulio mfano wa mawimbi yakipiga ufuko. Mfumo huo ni mistari 4 tu, na mtu yeyote ajuaye kufuma sweta aweza kujifunza.

Mfumaji aanze na vitanzi 96. Vitanzi 3 vya kila upande ni ukingo, navyo hufumwa kwa kawaida sikuzote. Vitanzi 90 vilivyobaki ni mafungu 5 ya vitanzi 18.

Mstari wa 1 wote hufumwa kwa kawaida.

Mstari wa 2 hufumwa kinyume, isipokuwa ukingo.

Mstari wa 3 ndio wenye wimbi. Katika kila fungu, vitanzi viwili hufumwa pamoja, mara 3. Kisha uzi huzungushwa juu ya sindano na kitanzi kimoja hufumwa, mara 6. Halafu viwili hufumwa pamoja tena, mara 3.

Mstari wa 4 wote hufumwa kwa kawaida.

Mistari hiyo irudiwe mpaka shali ifikie urefu wa futi 5. Kila baada ya mistari 4 rangi yaweza kubadilishwa: kwanza nyeusi kama wingu, kisha kijivu, mwisho nyeupe kama povu. Shali ikiisha, ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, inyoshwe na kubanwa kwa pini hata ikauke.

Siri yote imo katika hesabu. Katika mstari wa 3 kila fungu hupoteza vitanzi 6 na kupata vipya 6. Basi 18 hubaki 18. Hesabu ikipungua, mfumaji aufumue mstari huo papo hapo, wala asiendelee mbele. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.