"Mkulima" Haitoshi: Namna ya Kumtajia Mdadisi Kazi

Wapo wakazi wa Kayanga ambao, wakiulizwa kazi yao na mdadisi wa kaya, hujibu neno moja tu: mkulima. Jibu hilo ni la kweli, lakini kwa mtakwimu ni pungufu. Katika mfumo wa kuainisha kazi wa Shirika la Kazi Duniani, mwenye shamba la kahawa auzaye mazao yake huwekwa fungu la 61. Anayelima migomba na maharage kwa chakula cha nyumbani, fungu la 63. Kibarua apaliliaye shamba la mwenzake, fungu la 92.

Watafiti huipa kila kazi alama ya hadhi, inayokokotolewa kutokana na elimu na kipato cha wanaoifanya. Maelezo yakikosekana, mtakwimu aliye mbali hawezi kurudi kijijini kuuliza. Humpa mhusika alama ya wastani ya wakulima wote, au humwacha nje ya hesabu. Hapo kibarua huonekana ana nafuu asiyokuwa nayo, na kijiji chenye vibarua wengi hufanana, katika jedwali linalosomwa na wapangaji wa huduma, na kijiji cha wenye mashamba. "Fundi" na "biashara" huleta utata uleule, pengine mkubwa zaidi.

Mwananchi ataje anafanya nini hasa, kwa nani, na mazao huenda wapi. Kwa mfano: "Nachuma kahawa kwenye shamba la jirani, nalipwa kwa debe." Sheria ya Takwimu, Sura ya 351, inamtaka mdadisi atunze siri ya majibu hayo.